Mbabula Yenye Mshikio Mmoja

Goma, Jumatatu asubuhi

Kwako Papa mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kile kiti cha barazani kwa Sumaya, chai iko karibu na jua la Bukavu linakupasha magoti. Magoti yenyewe yanaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unaitumia au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila kidole gumba cha kushoto kimevimba kidogo. Nilikigonga kwa nyundo. Usicheke.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Papa, simu ya nyumba hiyo iko mikononi mwa dada Sumaya, na masikio yako yameshaikataa. Juma lililopita nilimsimulia Sumaya habari zangu mpaka salio likaisha, halafu nikamsikia akikupigia kelele kwamba Shida anasema hajambo. Basi! Safari nzima, mvua, maharage, vicheko na machozi, vyote vimekuwa "hajambo". Ndiyo maana nimenunua karatasi, nikamwomba Donat, yule anayefanya kazi kwenye boti, akukabidhi barua hii mkononi pamoja na jibini la Masisi. Jibini mgawie Sumaya. Barua usimpe.

Mtaa wetu uko vilevile. Mvua ikikatika vumbi linarudi, na majirani wote wanakusalimu. Atelye yetu ya ufundi hapa Birere ingali imesimama, na fuawe lako liko palepale mlangoni; wapita njia bado wanajikwaa nalo na kukutaja kwa jina. Lakini sitakuficha: mwaka huu ulianza kwa kunitisha. Unajua kwamba wateja wangu wengi walikuwa wakimbizi wa Mugunga. Kambi zilipoondolewa na watu wakarudi makwao, Kibumba, Rutshuru, Kiwanja, soko langu lilipanda magari pamoja nao. Nikabaki nagonga bati kutwa, na mbabula, majiko yangu ya makaa, zikirundikana mpaka zikaziba dirisha.

Hapo ndipo kaka Kitwana alipokuja na lile wazo lake la kuikodisha atelye kwa muuza simu, mimi nihamie Bukavu nikamsaidie Sumaya dukani. Hana ubaya, ananihurumia tu. Lakini Papa, mimi na Sumaya nyuma ya meza moja! Tungegombana kabla ya kufungua duka. Siku ya Idi, ulipokuja kututembelea, ulitusikiliza sote wawili, ukasema hutatoa neno lako kuhusu atelye mpaka kwanza nitoke na kazi yangu nje ya Goma, nione inavyopokelewa, kisha nikusimulie. Nilishangaa sana, kwa sababu tangu utotoni ulikuwa ukitwambia kwamba fundi akianza kuitembeza kazi yake ni kwa kuwa imekosa mteja.

Na unakumbuka ulichofanya asubuhi ya kuondoka kwako, kabla ya kupanda boti? Ulichukua mbabula moja, ukaipindua, ukagusa ncha za miguu yake kwa kidole, ukaniuliza naipeleka upande gani. Nikasema Kiwanja. Ulicheka mpaka ukakohoa, ikabidi tukuletee maji. Mimi nilidhani ni uzee.

Basi nikaondoka juu ya Fuso iliyokuwa imeleta kabichi mjini na sasa inarudi tupu. Nilinukia kabichi safari nzima. Kibumba baridi ilinikuta bila koti, nikajifunika gunia. Lakini pale barabarani niliona nje ya nyumba moja mbabula yangu, ile ya Mugunga kabisa, inatoa moshi, na chungu kimekaa juu yake kimetulia. Nilipiga kelele ya furaha mpaka dereva akasimamisha gari akidhani nimeanguka. Aliponielewa alisema, "Mama, mbabula tu? Nilizani mutu amekufa!" Akaondoa gari akitikisa kichwa.

Kiwanja nilipokelewa na Igihozo. Huyu ndiye yule mama aliyekuwa akiuza ndizi kando ya meza yangu Mugunga, na ndiye aliyenitumia ujumbe kwamba watu waliorudi wameshapata chakula lakini hawana cha kupikia. Alinipa kitanda cha binti yake na nafasi mbele ya kibanda chake sokoni. Papa, mbabula ziliisha kabla jua halijafika utosini. Wengine walikuwa wateja wangu wa zamani. Walinikumbatia na kuniambia walikuwa wameitamani mbabula ya Mama Shida. Nilijiona bingwa. Nilimpigia Kitwana hapohapo sokoni, nikamwambia amtafutie muuza simu wake mahali pengine. Laiti ningengoja kidogo!

Mvua ilinyesha jioni hiyo. Kesho yake, kabla sijamaliza chai, uwanja wa Igihozo ulikuwa umejaa wanawake, kila mmoja na mbabula yake mkononi na matope kwenye kikwembe alichojifunga. Huyu maharage yake yamemwagikia udongoni. Yule majani yake ya sombe yamezima moto. Mwingine chungu kilibingirika mpaka kwa jirani, na jirani akakirudisha kitupu. Mmoja aliweka mbabula mbele yangu na kusema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "We mama wa Goma, mbabula yako inalala kama mulevi!" Nikamtazama Igihozo anitetee. Alininyoshea tu kidole upande wa kuku wake, waliokuwa wakila kitoweo cha ubatizo wa mjukuu wake.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Niliingia ndani, nikaanza kufunga mfuko wangu, nikiulizia Fuso inaondoka saa ngapi. Igihozo alinifuata, akauvuta mfuko mikononi mwangu. Akasema, "Usikimbiye. Ukikimbiya leo, hapa hautauzisha tena hata kijiko." Basi nikatoka, nikachuchumaa pale uani mbele ya wote, nikaitazama ardhi.

Papa, wewe ulinifundisha miguu mitatu, ncha kali, ili ishike kwenye mawe ya volkano na isicheze. Na kweli hapa Goma haichezi. Lakini udongo wa Kiwanja ni mweusi, laini, ukinyeshewa unakuwa kama ugali. Chungu kikijaa, miguu inazama, na mmoja huzama haraka kuliko mingine. Miaka yote hii nimekuwa nikitengeneza mbabula za mawe bila kujua kwamba ni za mawe. Nilidhani ndivyo mbabula ilivyo.

Nikasema, rahisi, niweke jiwe bapa chini ya kila mguu. Lo! Kumbe kule jiwe ni kitu cha kuazima. Mimi, mzaliwa wa Goma, mji ambao shimo la choo tunalichimba kwa nyundo, nikatembea nyumba kwa nyumba nikiomba jiwe! Niliporudi mikono mitupu wanawake walikuwa wamecheka mpaka hasira imewaisha, na hilo lilinisaidia kuliko mawe.

Mwishowe nilichukua chuma cha ujenzi, kilekile tunachokatia miguu, nikakikunja duara, nikakifungia kwenye ncha zote tatu kama pete. Tukaweka mbabula kwenye matope, tukaweka chungu cha maji, Igihozo akakisukuma kwa makusudi. Haikulala. Nikazirekebisha zote bila kudai kitu, na kwa muda wote huo wenye mbabula hawakuondoka. Goma mteja hununua akaenda zake. Kule mteja anakaa, anakutazama, anakugombeza, anakuletea ndizi, anakugombeza tena. Waliniambia mbabula zangu ni ndefu mno kwa mtu anayepika amekaa. Waliniambia mlango wa majivu uko upande mbaya. Kila mmoja alikuwa na lake, na karibu wote walikuwa na haki. Nilikwenda kuuza siku moja, nikakaa mpaka watu wakaanza kuvuna maharage, na sijawahi kuipenda kazi hii kama nilivyoipenda pale, bila ukuta wala dirisha, fuawe langu likiwa kipande cha reli nilichoazimwa na fundi wa baiskeli.

Sasa Papa, kaa vizuri. Mpaka hapa ningeweza kumwachia Sumaya akufupishie. Hili lifuatalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku moja kabla ya kurudi nilialikwa kula kwa bibi mmoja anayeitwa Nyiramahirwe, anakaa mwisho wa mji karibu na mashamba. Sikuwa namjua, alisikia tu habari za mama wa Goma na maharage yaliyomwagika, akataka kuniona. Tulipokwisha kusalimiana alimwita mke wa mwanawe, akasema, "Leta Mahamudi, tupike." Nikatengeneza kitambaa changu kichwani, nikijua mwanamume anakuja. Nikawa najiambia, huyu mtu anaitwa kama papa yangu.

Papa, ikaja mbabula.

Imetengenezwa kwa rimu ya gurudumu la lori, nzito, pana, imekaa chini imara. Mke wa mwana aliiburuta kwa mshikio mmoja aliouzungushia kitambaa. Mshikio wa pili haupo. Kuna matundu mawili tu mahali ulipopaswa kuwa. Na pale ubavuni, chini ya masizi, nikaiona nyota. Pembe zake nne zinalingana, ya tano ni fupi, kama unavyoikata wewe kwenye kila mlango wa mbabula, kwa kuwa mkono huchoka mwishoni na hutaki kukubali. Nilipiga magoti nikaipangusa kwa kidole. Bibi akaniuliza kama naumwa.

Ndipo akanisimulia. Zamani, yeye akiwa msichana, alikuja kijana Mwislamu kutoka Goma, mwembamba, na mbabula za miguu mikali. Mvua ikanyesha na zikazama zote. Nikamwomba arudie. Akarudia, safari hii akisimama na kuonyesha jinsi kijana yule alivyoshika kichwa kwa mikono miwili katikati ya soko. Alisema mama yake alimhurumia kijana huyo na kumlisha msimu mzima, naye akajifunza kukata rimu za malori yaliyoharibika. Mbabula ya mwisho aliitengeneza kwa ajili ya nyumba hiyo. Alikuwa amekwisha kufunga mshikio mmoja, habari ikafika kwamba baba yake ni mgonjwa sana Goma. Akaondoka hima, akisema atarudi kuumalizia wa pili.

Hakurudi. Vita vilipokuja waliizika mbabula kwenye shamba la ndizi, kwa sababu ni nzito mno kukimbia nayo, na kila waliporudi waliifukua na kuipikia siku hiyohiyo. Watoto wa nyumba ile wamekua wakijua kwamba mbabula hiyo jina lake ni Mahamudi. Wanakuwasha kila asubuhi, Papa.

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Sasa nilielewa kikohozi chako cha asubuhi ile ya boti! Ulijua zitazama, ukaniacha nipande gari nazo! Halafu nikalia, na nakwambia wazi ni kwa nini. Maisha yangu yote nilidhani mimi ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kutamani kwenda. Nilidhani wewe uliipenda Birere tu. Babu aliugua, ukarudi, ukamzika, ukabaki na atelye, ukamwoa Mama, tukazaliwa, na hukutwambia neno kuhusu msimu ule. Sikulaumu. Nakupenda zaidi, basi.

Nilitoa nyundo ili nifunge ule mshikio wa pili. Bibi akanipiga mkono. Akasema, "Hapana, mutoto. Mwenye alianza atamaliza. Umwambie akuye."

Kwa hiyo kuna jambo nimelifanya bila ruhusa yako. Nimeahidi kwamba utakuja. Igihozo anajua, soko zima linajua, na yule dereva wa Fuso amekuwekea kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yako. Mimi nitakaa juu na kabichi. Nataka kufanya kazi Goma wakati wa jua na Kiwanja wakati wa mvua, na atelye iwe mahali pa kutokea na kurudia. Kitwana anangoja neno lako juu yake, nami nalingoja kuliko yeye. Tafadhali usimpe Sumaya alilete kwa simu, atalifupisha. Lilete mwenyewe, na tindo yako. Chuma cha mshikio nimekwisha kukikata. Sikukikunja.

Nisalimie Sumaya na wanawe, mwambie jibini liliwe mapema lisije likaharibika. Wote wa hapa mtaani wanakuombea afya, na mimi naomba Mungu alitulize ziwa siku utakayopanda boti.

Binti yako,

Shida binti Mahamudi
fundi wa mbabula, Birere na Kiwanja, ukiniruhusu kuandika hivyo