Mizizi Aliyoiosha Mama

Dada Mwende,

Nakusihi, isome kadi hii peke yako na usimwambie mtu neno hata moja, hasa Mama. Ndiyo maana namtuma binamu Mutua badala ya posta.

Hapa Kaloleni mvua haikomi, na jana nililia kazini, katika kituo cha utafiti wa miti. Daktari wetu wa miti aliniita: "Karani, wacha taipu, njoo uone msonobari ukipokea mgeni." Kwenye hadubini, ndani ya seli za mzizi, zilimeta nyuzi za kijani. Ni protini, boriti zinazoshikilia umbo la seli. Kuvu inapougusa mzizi, boriti hujipanga upya. Mzizi huacha kurefuka, hunenepa, hukubali kuvikwa na kuvu hiyo ukungu mweupe unaoulisha.

"Na ukungu ukisuguliwa?" nikamuuliza.

"Mti utakufa njaa, bwana, hata uumwagilie mto mzima."

Nikamkumbuka Mama akiisugua mizizi ya mche wa msonobari kabla ya kuupanda kaburini kwa Baba, akisema, "Baba yenu hatalala na uchafu." Mche ukakauka, na tangu hapo anakulaumu wewe kwamba hukuumwagilia. Hukukosa, dada yangu. Lakini tukimwambia, atajua ni mikono yake.

Mutua anakuletea mche mwingine pamoja na udongo wake mkebeni. Upande Mama akiwa kanisani, wala usiuoshe. Nimeutoa kazini bila ruhusa, na wakijua nitafukuzwa, kwa hiyo usiniandikie ofisini. Mutua akileta vinyago Eastleigh, apite hapa Kaloleni kwa Mama Akinyi muuza samaki, aulize chumba cha karani Mkamba, aniambie kama mche umeshika.

Ndugu yako,
Kioko