Majibu ya Nywele Zetu

Matongo,
Tarime, Mara.
9 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Faridu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Ubelgiji haijakurudishia kile kifua chako cha utotoni. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, akipata jua linanyooka. Mahindi tumevuna gunia kumi na nne, si haba kwa mvua za kubahatisha. Shamimu wangu yuko kidato cha tatu na Kiingereza chake sasa kinafanya kazi, kama utakavyoona.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu kwa kidole gumba. Hili kaa chini ulisome.

Jumatano iliyopita Elieth, muuguzi wa zahanati yetu, alirudi kutoka semina ya maji Mugumu. Watu wa huko wana hofu machimbo mapya yasije yakachafua bwawa la Manchira wanalokunywa. Alikuja moja kwa moja kwenye karasha langu la kusaga mawe ya dhahabu, hata mkoba hajatua, akaniuliza, "Mama Shamimu, kumbe nyie mlishapimwa zebaki, majibu mkayakalia?" Nikamwambia majibu gani. Akasema mtaalamu amewaonyesha jedwali ukutani: nywele za wanawake arobaini wa Matongo wanaochoma dhahabu ili zebaki iruke, na jina lako chini yake.

Faridu, nilikaa juu ya kiroba cha mawe.

Shamimu akaitafuta kazi hiyo kwenye simu, ikatokea, jina lako la kwanza kabisa. Muhtasari una mistari minane. Kati ya wanawake arobaini, ishirini na nane wana zebaki kupita kiwango, na wanaochomea ndani ya nyumba ndio wamezidi wote. Tulipotaka kuendelea, ukurasa ukadai dola thelathini na tisa na senti juu. Karibu laki moja, ili nisome habari za kichwa changu mwenyewe!

Kisha nikaona tarehe. Machi mwaka jana. Nikamwambia Shamimu aisome tena, nikidhani amekosea.

Ulipokuja na mkasi wako mwaka juzi, wanawake niliwakusanya mimi. Ulitaka arobaini, nikakuletea arobaini na tatu. Wengine walinong'ona kwamba nywele za mtu hazitolewi ovyo, nikawaambia huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Ukasimama mbele ya karasha ukasema kwa mdomo wako kwamba utafiti huu ni hela ya serikali, na kanuni zinataka ndani ya miezi kumi na miwili tangu uchapishwe uwekwe mahali ambapo yeyote atausoma bure. Wegesa, jirani yangu anayenichomea dhahabu, akakuambia, "Mura, mkiwashonea wazungu wigi nitakuja kudai changu." Wote tulicheka. Na yeye ndiye hunyoa kipara siku zote, alifuga nywele mwezi mzima kwa ajili yako.

Sasa sikiliza tulivyofanya baada ya wewe kuondoka. Hapa mtu akipimwa zahanati, mwenye tatizo ndiye huitwa. Asiyeitwa yuko salama, anaendelea na shughuli zake. Wegesa aliogopa maswali yako akahamishia uchomaji nje, nyuma ya zizi. Alikaa huko msimu mzima, upepo unampulizia mkaa, vijana wanamchungulia dhahabu yake. Hakuitwa. Mimi sikuitwa. Mwisho akasema, "Si tungeshaambiwa?" Nami nikamjibu kweli, tungeshaambiwa. Akarudi jikoni, jiko lile lile la ugali.

Mtoto wake Mokami amezaliwa Aprili mwaka huu. Piga hesabu na wewe, maana mimi nimeipiga mara nyingi nikitumaini itoke vingine. Mimba ni ya Julai. Kazi yako ilitoka Machi. Ungetupigia simu hata ya dakika mbili, Wegesa angekuwa ameacha kuchomea ndani miezi minne kabla hajashika mimba. Na hiyo miezi kumi na miwili ya kanuni zenu, hata ungeitimiza, ingemkuta ana tumbo la miezi minane. Hukuitimiza hata hiyo.

Nilipokutumia ujumbe kuuliza kwa nini imefungwa, ulijibu, "Dada, jarida ndilo lenye haki, nitaangalia." Nilikuamini nusu siku. Kisha Elieth akampigia yule mtaalamu wa Mugumu. Akasema jarida lina haki ya kurasa zake lilizopanga, lakini andiko lenu la mwisho, lililokwisha kusahihishwa, mwandishi anaruhusiwa kuliweka kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo chake. Tena ndicho ambacho kanuni zinadai. Akasema ni kazi ya nusu saa. Nilimwomba Elieth aulize mara ya pili, nikiona aibu kwa niaba yako.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba. Nilianza kwa kuokota mawe yaliyotupwa, leo nina karasha la madramu mawili na watu sita wanakula kwangu. Mteja akiniletea mawe yake, sifungi matokeo yake kabatini. Mtu akitoa kitu chake kipimwe, anaambiwa kimetoa nini.

Sasa dhahabu yangu haichomwi tena jikoni kwa mtu. Nimejenga kibanda wazi, mbali na nyumba, upande ambao upepo unatoka kwenda porini, na Elieth anatafuta kile chombo cha kunasa moshi. Kisyeri, yule mnunuzi mwenye mdomo, ananiimbia njiani, "Saida kaanza kuogopa moshi, kesho ataogopa hela!" Nimemwambia alete nywele zake.

Wegesa nilimwambia mwenyewe, sikutaka aisikie kwa Kisyeri. Nilijua atanitukana, na nilikuwa tayari. Hakunitukana. Alimtoa mtoto kwenye titi, akamwangalia, akaniuliza, "Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe?"

Mimi ninayeangalia kiroba cha mawe nikakuambia kitatoa pointi ngapi za dhahabu, nilimshika mkono tukaenda kwa Elieth.

Elieth amesema aendelee kunyonyesha mpaka daktari aseme vingine, na amempa barua ya kwenda hospitali. Lakini huko hospitali wamemwambia kitakachosaidia ni kujua nywele zake zilisoma ngapi wakati ule, na nyie mliandika nini kuhusu mama anayenyonyesha. Vyote viwili unavyo wewe. Kadi uliyompa siku ya kukata nywele ilikuwa namba kumi na saba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, weka lile andiko wazi leo, usingoje Ijumaa. Tuandikie na kurasa mbili za Kiswahili, zisizo na majedwali, nizibandike karashani. Na kila mwanamke apewe majibu yake kupitia kwa Elieth, kwa siri yake, pamoja na wale watatu wa ziada kama uliwapima. Desemba ukija, utasimama pale pale uliposimama. Nitakuwa pembeni yako, sitakuacha peke yako, lakini maneno utasema wewe.

Mama anakusalimu. Hajui lolote, anadhani nakuandikia habari za mahindi. Shemeji yako Bushiri anakusalimu, anauliza kama huko wanauza viatu vya mvua imara. Shamimu anakupa hongera kwa Kiingereza kigumu. Wegesa nilimuuliza kama niweke na salamu zake. Amesema hapana, andika tu kwamba mtoto bado ananyonya.

Mungu akulinde huko uliko na akupe wepesi wa kulifanya hili kabla hujalala.

Dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira hizi,

Saida