Kidole mu simenti

Bukavu, Nyalukemba, Novemba 1974

Yaya Godelive, dada yangu,

Nakusalimia wewe na watoto kule Luvungi. Miye niko muzima. Papa Polycarpe, fundi wangu, amenitosha ku kazi ya kubeba maji. Sasa ananifundisha kupanga matofali. Mvua haikatike huku, na mikono yangu imepasuka.

Unajua vile mafundi wanafanyaka: jioni, kila mutu anatia kidole gumba mu simenti ya mwisho, ukuta ijue nani atarudia kazi. Miye mwanafunzi sina ruhusa. Lakini asubui ya leo tulikuta alama moja zaidi. Simenti yake ilikuwa ingali mbichi, ile ingine yote imekauka. Na kidole haikuwa na ncha.

Ni bwana yako tu, Philémon, alikatwaka ncha ya kidole na jiwe, wakati alijenga na Papa Polycarpe, mbele ya kuenda Mwenga kutafuta zahabu, na hajarudia mpaka leo.

Papa Polycarpe akavua kofia. «Weka yako juu yake,» akaniambia. «Umupokee kazi, yeye hatarudia tena.»

Nikaweka. Simenti ilikuwa na joto, kama mukono wa mutu.

Yaya, ile sahani ya chakula unamufunikiaka bwana yako kila jioni, usimufunikie tena.

Miye ndugu yako,
Bisimwa