Mtaro Uliopita Jikoni Kwangu

Kwako Dada Nafula,

Salamu nyingi kutoka huku Nakawa. Vipi mgongo wa Mama, na je, mahindi yameanza kubeba? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo na kucha zangu zimejaa matope.

Uliniuliza kama jiko langu liko tayari kumpokea binti yako aje kujifunza kazi. Nitakujibu, lakini kwanza nikupe habari za Ssalongo, kwa sababu jibu lako limo humo.

Unamkumbuka, yule jirani mwenye baa aliyekuwa mwenyekiti wa mtaa. Alijenga ukuta wake juu ya mtaro wa zamani, maji ya mvua yakakosa njia, yakaingia kwangu na kulowesha unga na godoro. Nilipokwenda kulalamika, alinimwagia miguuni maji ya kuoshea glasi, mbele ya walevi wake. "Mukenya, maji ni hiyo," akasema. "Kama hapendi, rudi kwenu." Walicheka mpaka wakashika meza. Wewe ukaniandikia nimwachie Mungu. Dada, nilimwachia. Mungu naye akanirudishia.

Ulipofika uchaguzi wa mtaa, watu wa huku hujipanga nyuma ya wamtakaye, mchana kweupe. Mama Akello, mke wa askari kutoka kaskazini, alisimama kushindana na Ssalongo. Mimi mgeni nilikaa kando nikitazama. Ssalongo alipogeuka kuangalia watu wake, alimwona mkewe kwenye mstari wa Mama Akello. Nilibana vigelegele kooni.

Kazi ya kwanza ya mwenyekiti mpya ilikuwa mtaro. Akaunda kamati ya akina mama wa kusimamia, nami akanitia humo. Fundi kutoka ofisi ya divisheni akatuonyesha njia mbili. Moja ingezunguka nyuma ya migomba na isibomoe kitu. Nyingine ingenyooka: ingepasua baa ya Ssalongo, na ikitoka hapo ingepasua jiko langu.

"Nekesa, maji naingia kwako, hapana kwangu," Mama Akello akaniambia. "Sema wewe. Lakini fikiri jiko yako."

Nilifikiri. Niliwaza masufuria yangu, na vijana wa viwandani wanaokuja mchana kula maharage na chapati. Kisha nikakumbuka kile kicheko. Nikachukua kigingi cha kwanza nikakipigilia katikati ya jiko langu mwenyewe, ili asitokee mtu wa kusema namwonea mwenzangu.

Ssalongo alikuja mbio, sasa akiniita bibi kwa lugha yao. "Nyabo, tuzungushe kwa migomba. Na jiko yako pia nakufa."

"Najua," nikamjibu.

Siku ya bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, msimamizi ndiye anayegawa sehemu. Nilimpa Ssalongo sururu na ukuta wake mwenyewe. Mama Akello aliona huruma, akataka kumpa mtu wa kumsaidia. Nikasema kila mtu na sehemu yake. Jiko langu nilikuwa nimeshalibomoa asubuhi, kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo nikamtazama mpaka tofali la mwisho. Utasema ni dhambi. Labda. Lakini nilifurahi, na bado nafurahi.

Sasa napikia nje chini ya turubai, na wateja wengine wamehamia kwa mama mwingine. Juzi ilinyesha sana. Maji yalipita katikati yetu yakaenda zake, Ssalongo amesimama kwenye kipande cha baa kilichobaki, mimi nimesimama palipokuwa jiko. Nilicheka, Dada, nikakosa hata meza ya kushika.

Nisalimie Mama, shemeji yangu, na mjomba fundi baiskeli. Binti yako mwambie afungue sanduku lake atoe nguo, hapa hakuna jiko la kumpokea. Akiuliza sababu, usimfiche. Mwambie mama yake mdogo alikuwa na jiko, akampiga nalo mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Nekesa