Mzinga Wako Hauna Malkia, Baba

Baba,

Nimetoka sasa hivi kufungua mzinga wako ule ulio karibu na boma la ng'ombe, na nimeona afadhali nikuandikie wewe kuliko kuongea na mtu hapa nyumbani. Hauna malkia. Nyuki wamebaki wachache, wengi wao madume, wanazunguka juu ya masega makavu kama watu waliofika sokoni wakakuta kumefungwa.

Wiki tuliyokuzika, Endarasha yote ilikuwa imechanua baada ya mvua, na hakuna aliyekumbuka kuwaongezea kisanduku cha juu wapate nafasi. Ningekumbuka vipi? Nilikuwa napika chai ya watu wa matanga. Basi asubuhi ya mazishi wakatoka, malkia wako mzee na nusu ya kundi, wakapita juu ya hema watu wakiimba. Shangazi akasema ati wamekuja kukuaga. Mama ameshikilia hiyo mpaka leo, na mimi sijamwambia kitu. Hawakukuaga, Baba. Walibanana, wakaenda.

Hata hivyo haikuwa mbaya sana. Waliobaki walikuwa wameachiwa vyumba vya malkia wapya, vile vinavyoning'inia kwa sega kama njugu karanga. Angetoka mmoja, maisha yaendelee. Lakini mimi nilikuwa nimerudi Majengo, kazini kwangu saluni, na kaka yangu Kariuki ndiye alibaki nyumbani.

Unamjua mtoto wako. Tangu nyuki wamvimbishe jicho akiwa mdogo, alikuwa akikuangalia kutoka nje ya ua. Kila msimu alikuona ukivibonyeza vyumba hivyo ili kundi lisihame. Kitu hakuweza kuona kutoka huko ni vile ulivyoinua kwanza kila fremu, na sega lake, kwa jua, ukitafuta mayai. "Mayai kwanza, kidole baadaye," ulikuwa unaniambia, huku ukinipulizia moshi machoni makusudi. Kama hakuna mayai, malkia ameshaenda, na vyumba hivyo ndivyo tumaini lililobaki.

Kariuki alivaa kofia yako ya wavu akavibonyeza vyote. Akanipigia simu na furaha. "Nimemaliza zote, Wairimu, hakuna imebaki. Vile Baba alikuwa anafanya." Nilikaa chini, mteja wangu nikamwacha na kichwa nusu kimesukwa.

Baba, huyo hakukulilia. Hata kaburini alishika koleo tu, akajaza udongo mpaka wazee wakamnyang'anya. Hiki ndicho kitu cha kwanza amekufanyia na moyo wake ukatulia. Ningemwambia nini?

Nilikuja Jumamosi, nikaomba jirani yetu fremu yenye mayai, nikaiweka ndani. Nyuki wakaikubali, wakalea malkia mchanga. Nilifurahi mpaka nikaimba. Halafu siku zake za kuruka kwenda kupandwa zikaangukia ukungu huu wetu wa Kieni, na baridi ya kukata masikio. Akatoka, hakurudi. Sasa waliobaki ni wazee, hawawezi kulea mwingine. Nimechoka. Na nimekukasirikia pia, niseme ukweli. Kwa nini hukumwita Kariuki ndani ya ua hata mara moja?

Kila Jumapili tukitoka kanisani anaenda kukaa hapo kwa mzinga na suti yake. Ananiuliza wanaendeleaje. Nasema wanaendelea.

Karibuni watanyamaza, na ataniuliza tena. Nitamwambia ni baridi iliwamaliza, na si uongo wote. Halafu nitapaka nta ndani ya mzinga, tungojee kundi lingine lipite. Likiingia, nitamshikisha fremu mwenyewe, nimwonyeshe mayai yalivyo na kwa nini hutangulia. Najua ninachofanya, Baba. Kariuki si mjinga. Siku hiyo atasimama na fremu mkononi, na ataelewa ni nini aliua.

Pumzika. Siku hiyo sitakuwa Majengo. Nitakuwa hapo kando yake, na akilia, nitamwacha alie mpaka amalize.

Msichana wako,
Wairimu