Mpichi Uliovaa Marinda ya Bibi

Mdogo wangu mpendwa,

Leo nimepiga vigelegele bustanini mpaka mlinzi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Mpichi wangu umechanua! Ua lina petali juu ya petali, limejaa kama sketi ya marinda.

Unakumbuka nilivyochanganya mpichi wa marinda na ule wa petali tano tu? Miche yote iliyozaliwa ikatoa petali tano. Mkuu wa bustani akasema, "Mama, ng'oa hiyo takataka." Nikamgomea. Nikaiozesha yenyewe kwa yenyewe, chavua nikipaka kwa brashi, matawi nikiyafunga mifuko ya karatasi ili nyuki wasiniharibie kazi. Mbegu zake nikazipanda, na leo mjukuu kavaa marinda ya bibi yake! Mkuu kauzunguka mti wee, mwisho akacheka: "Haya, umenishinda."

Huku mvua si haba, na goti langu limepona.

Sasa wewe. Eti mumeo kakurudisha kwa mama kwa sababu mtoto kazaliwa na ualbino, na kwao hakuna, basi si wake. Kwetu je, upo? Ualbino hujificha vilevile kama marinda, hautokei mpaka baba na mama wote wauchangie. Nusu katoa yeye.

Acha kulia, mvalishe mwanetu kofia pana, mnisubiri Jumamosi. Twende wote kwa mumeo. Nitamwekea tawi la maua mezani, nimuulize mbele ya mama yake: na mama wa mti huu naye alitoka nje ya ndoa na nani, wakati mifuko niliifunga mwenyewe?

Dada yako,
mama mkubwa wa mtoto