Kwa Nnalongo Nabbosa, Aliyewafundisha Wazee Kukaa

Mwaka umetimia sasa, Nnalongo, mama wa mapacha wetu, tangu ulipotoka asubuhi na mvua ukaniambia nikuachie uji kidogo, utarudi kabla haujapoa.

Gazeti linataka kumbukumbu ziwe fupi. Nimewaambia wapunguze za wakubwa, yako waiache. Binti yetu Babirye alitaka kuniandikia kwa lugha nzuri, nikakataa. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini wewe ulinizoea hivi hivi.

Kazi yako hospitalini ilikuwa na jina refu. Mlangoni waliandika Tiba ya Shughuli, na watu wengine waliingia wakidhani ni ofisi ya kutafutia ajira. Mimi nikiulizwa nilisema: mke wangu anawafundisha wazee wenye mioyo iliyochoka na mapafu mabovu namna ya kuimaliza siku bila kuishiwa pumzi. Daktari anampa mtu dawa, anamrudisha kwake. Wewe ulikuwa ukiuliza, huko kwake anaogaje? Ndizi anamenya vipi? Maji anachota nani?

Chumbani kwako kulikuwa na kitanda, beseni, na lile jiko la udongo ulilolijenga juu ya matofali likafika kiunoni, ili bibi asiiname ndani ya moshi. Wazee walipika humo. Walimenya matoke wamekaa kitini, viwiko vimeegemea meza, siyo kujikunja kwenye mkeka. Ulipita katikati yao ukisema, "Pumzika kabla hujachoka. Ukinyanyua sufuria, toa pumzi taratibu kama unapoza uji." Mpaka leo nikinyanyua ubao nasikia sauti yako, na mimi napoza uji.

Mkubwa wa hospitali alikuja kuchungulia, akanusa mchuzi wa karanga, akasema, "Kupika ndizi siyo matibabu. Chumba hiki kingefaa kuwa stoo."

Ukamjibu kwa heshima zote, "Karibu kiti, Daktari. Chakula kinaiva sasa hivi."

Hakukaa. Angekaa labda angejifunza kitu.

Lakini vita yako kubwa haikuwa na mkubwa. Ilikuwa na magoti. Mwanamke wa kwetu haachi kupiga magoti eti kwa sababu moyo umevimba. Atashuka chini kumwamkia mgeni, na kuinuka ndiko kutakakomuua. Ulipowaambia wawasalimu watu wakiwa kitini, wazee wa koo walikuja mpaka karakana kwangu kunishtaki: mke wa seremala anawafundisha wake zetu jeuri. Na wanawake wenyewe ndio walikuwa wabishi zaidi.

Bibi Nantale, ambaye miguu yake ilikuwa imejaa maji kwa ugonjwa wa moyo, alikucheka usoni. "Nnalongo, nimwamkie mkwe wangu nikiwa juu kama jaji? Niache nife na adabu yangu."

Akaenda nyumbani, shemeji yake akaja, akashuka kumsalimu, na kuinuka hakuweza. Wanawe walimbeba mbele ya mgeni kama gunia. Aliporudi kwako analia, hakulilia moyo wake. Mjukuu wake alikuwa karibu kumtambulisha mchumba, na wanawe walikwisha sema siku hiyo abaki chumbani, asije akawafia mbele ya wakwe.

"Yule mtoto nimemlea mimi," alikwambia. "Leo nikamsikilize dirishani?"

Jioni ile ulirudi umenuna. Mimi nilikuwa uani, nimekaa juu ya gogo la mvule napiga randa ubao wa kitanda. Ukasimama ukaniangalia.

"Ssaalongo," ukaniita kwa jina langu la baba wa mapacha, "usiinuke."

Ukaingia ndani, ukatoka na gomesi lako la kijani, lile gauni refu la shughuli.

"Vaa."

"Nani, mimi?"

"Vaa, sina mwingine wa kumjaribia."

Ukanivisha pale pale, ukalitandaza pindo likafunika gogo na miguu yangu yote, ukarudi nyuma hadi kwenye uzio kuniangalia kwa mbali. Ndipo jirani yetu Mukiibi akatokea na toroli lake la matofali. Akaliweka chini.

"Ssaalongo, umeolewa lini jamani, na sisi majirani hatukualikwa?"

Wewe hukucheka. Ulimuuliza kwa sauti ya kazini, "Mukiibi, huyu amekaa au amepiga magoti?"

"Si amepiga magoti! Tena amefundwa vizuri."

Kesho yake nikakata kigoda cha kwanza: kimo cha goti, kipana, na mkono mmoja pembeni wa kujishikia wakati wa kuinuka. Bibi Nantale alifanya mazoezi chumbani kwako mpaka akachoka kukasirika. Ulimfundisha kuvaa gomesi akiwa amekaa, kuufunga mshipi akiacha nafasi ya vidole viwili, kupumzika kati ya nguo na nguo, na kuinamisha kichwa huku akitoa pumzi. Uliwaendea wanawe ukawaambia, "Mimi nitakuwa nyuma yake, akianguka mje kwangu, msimlaumu yeye."

Siku ya utambulisho alikaa mstari wa mbele kwenye mkeka, gomesi limetanda kama mwavuli. Wakwe waliingia, wanawake wote wakashuka, na yeye "akashuka" pamoja nao. Aliwaamkia kwa salamu ndefu zote, hakuruka hata moja. Msemaji wa wageni akasema, "Bibi huyu mgonjwa, na bado hajaacha heshima. Nyinyi wasichana mnaona?" Bibi Nantale akamtazama, akapoza uji. Mjukuu wake alipokuja kumkumbatia alimkuta ana pumzi ya kumbariki.

Baada ya hapo sikupata tena nafasi ya kutengeneza vitanda. Hata wale wazee wa koo walileta wake zao. Walikuja kwa mlango wa nyuma, lakini walikuja.

Sasa niseme lililo moyoni, na wenye kusoma wasome. Hospitali ina gari la kuwazungukia wagonjwa majumbani. Asubuhi ile ulilihitaji umpelekee Mzee Ssegujja kiti cha kuogea nilichokitengeneza, maana mapafu yake yameliwa na moshi wa matanuri na kuoga amesimama kulikuwa kunamwangusha. Ulilifuata gari, ukaambiwa limekwenda kubeba ndizi na wageni wa shughuli ya mkubwa huko kwa wakwe zake. Mvua ilikuwa inanyesha. Ukapanda bodaboda, kiti kimefungwa nyuma. Pale penye bwawa, njia inateleza, kila mtu anajua inateleza.

Kiti kilifika. Wewe hukufika.

Mkubwa alikuja msibani na lile lile gari. Akahutubia kwamba hospitali imepoteza nguzo. Ardhi ya kaburi lako ilikuwa haijakauka wakati nguzo ilipovunjiwa jiko. Walilitupa nyuma ya chumba cha maiti, wakajaza magodoro mabovu chumbani kwako, wakatia kufuli.

Wazee wako walifika siku yao, Alhamisi, wakaikuta kufuli. Hawakurudi makwao. Walikuja karakana polepole, wakipumzika njiani kama ulivyowafundisha, na Bibi Nantale mbele.

"Ssaalongo, tumekuja kupumua," akasema.

Nikafagia vumbi la mbao. Tangu hapo kila Alhamisi misumeno inalala. Bi Namutebi, mwenzako wa kazi, anakuja siku yake ya mapumziko, anawasikiliza vifua na kuwapima miguu. Mzee Ssegujja anaoga mwenyewe sasa, amekaa, na anaringa utadhani anaogea mtoni. Mimi natengeneza. Kazi yako haikufa, Nnalongo. Ilihama tu.

Mwezi uliopita tukasikia gari nje. Mkubwa akaingia, suti na viatu vyake vinaogopa vumbi langu. Wanawake walikuwa wamevaa magomesi yao na wako kwenye vigoda kwa mazoezi. Walipomwona wakainamisha vichwa wote kwa pamoja.

"Habari za huko, Daktari? Habari za nyumbani? Habari za kazi?"

Alifurahi. Aliitikia zote, mikono nyuma. Kisha akasema wageni kutoka wizarani wanakuja kukiona kile chumba cha wazee, sifa zake zimewafikia, kwa hiyo wafike wote hospitalini siku hiyo, wapike kidogo, wageni waone.

Bibi Nantale akasema, "Tupike wapi, mwanangu? Chumba kina magodoro."

"Magodoro yataondolewa."

"Na jiko?"

"Tutaangalia."

"Na gari la kuwatembelea waliolala majumbani?"

"Mama, mambo ya gari yana utaratibu wake." Akaangalia saa. "Basi inukeni, mama zangu. Mtapiga magoti mpaka lini? Mtaumia."

Hakuna aliyeinuka. Mimi nilishika randa yangu nikaomba Mungu nisiseme neno, kwa sababu ningesema yote.

Bibi Nantale akalishika pindo la gomesi, akalivuta juu taratibu mpaka kigoda kikaonekana, mvule mtupu, na miguu yake imetulia chini. Wenzake wakavuta na wao. Mkubwa akaangalia kigoda hiki, akaangalia kile, mstari mzima.

"Hapa hakuna aliyekupigia goti," bibi akamwambia, na hata pumzi haikumkatika. "Tumekaa, mwanangu. Nnalongo ndiye aliyetukalisha. Kwa hiyo wewe kaangalie hilo jiko na hilo gari. Sisi tunaweza kukungoja mpaka jioni, na kesho."

Aliondoka bila kuaga.

Jiko limerudi chumbani juzi. Lina ufa, nimeuziba kwa udongo. Gari bado. Litakuja, kwa sababu wageni wako njiani na bila wazee wako hana cha kuwaonyesha, na wazee wako nimewaona wakikaa. Sina wasiwasi nao hata kidogo. Mimi mkubwa sijamsamehe na usiniombe. Lakini kila nikipaka kigoda mafuta nageukia kwenye uzio, kama vile umesimama pale unaangalia kwa mbali kama kimekaa sawa.

Unakumbukwa na mimi mumeo, Ssaalongo Erisa Kyeswa. Na mapacha wako Babirye na Kato. Na Kizza aliyewafuata. Na wajukuu wako, ambao mdogo wao ana jina lako. Na dada yako Nampeera. Na jirani Mukiibi, anayewasimulia watu mpaka leo kwamba niliolewa. Na Mzee Ssegujja, na Bibi Nantale, na wazee wote wa Alhamisi.

Kila tutakapokaa, Nnalongo, tutakukumbuka.